Malaika Waliochomwa Sindano

Jumatatu, 4 Novemba

Na sasa wa tatu naye hana kichwa. Andika hivyo hivyo, mwanangu, usinirembe. Malaika wa tatu hana kichwa, na huyu hakuanguka, maana nilimlaza kwa mkono wangu juu ya pamba kama mtoto mchanga. Kichwa nimekikuta pembeni kina tundu. Tundu la duara, safi, kama la sindano. Haya, humu ndani nani ana sindano? Yangu ilikatika ncha tangu Pasaka. Wifi yangu anazo tele, amezichomeka kwenye ukosi wa gauni kama medali za askari.

Andika na sababu ya kuandika, asije mtu baadaye akasema bibi kazeeka anaota. Nataka kila siku iwekwe mahali pake, ili siku ya kusemeshana nisibabaike. Wewe ndiye uliyetuletea kazi hii. Ulirudi zamu, hata viatu hujavua, ukasema wodi ya watoto mwaka huu hamna mti wa Krismasi, mti unakula nafasi ya vitanda, ila kila kitanda kinaweza kufungiwa kitu kidogo kwenye kile chuma cha miguuni. Kidogo kama kidole gumba. Mimi na wifi tukatazamana, maana hiyo ndiyo kazi yetu tangu mume wako, yaani mwanangu, akiwa anatambaa.

Hatununui kitu, hilo ndilo sharti. Uzi tunachambua kwenye gunia kuukuu. Gundi ni utomvu wa mti ulio nyuma ya choo. Kondoo ni koni changa za msonobari zilizoviringishwa pamba. Nyota ni majani makavu. Hori la kulalia mtoto Yesu ni nusu ganda la karanga, na mtoto mwenyewe ni punje ya mchele. Malaika na mamajusi mwili wao ni ganda la hindi, kichwa harage jeupe. Mimi natia sura kwa ncha ya kijiti na masizi. Wifi anafunga vifundo vya kuning'inizia, na hapo simnyimi haki yake, vifundo vyake havionekani hata ukivaa miwani miwili.

Mwaka huu tulibadilishana kidogo. Kila mwaka yeye anachambua maharage, mimi nayapitisha kwenye sufuria kavu hadi yapate moto, ndiyo yanadumu. Sasa hili goti langu halichuchumai tena, nikamwambia, wifi, mimi nitachambua nimekaa, moto uwe wako. Akasema sawa. Alisema haraka mno. Hata hilo sasa nalifikiria.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Wifi kajichagulia koni zote nzuri, kaniachia zilizotafunwa na panya. Andika panya, lakini weka alama ya kuuliza.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekuta unga kwenye kisanduku changu. Mweupe, laini, umejaa chini ya wale malaika kama mtu kawapaka poda waende harusini. Sikuweka mimi. Nikaunusa, nikapiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kikanivuka.

Wifi alikuwa dirishani anachambua uzi. Akaniuliza, "Mafua, wifi?"

Kwa sauti tamu hivyo! Mwanamke huyu tangu nimjue hajawahi kuniuliza mafua. Nilipougua homa ile kubwa, alikuja mlangoni akasema, "Ukifa, yale masufuria mazito nani atayanyanyua?" Ndiyo huruma yake. Sasa leo chafya moja tu, "mafua, wifi?" Sauti ikilainika ghafla namna hiyo, mimi natazama mikono.

Mikononi alikuwa na sindano.

Marehemu mume wangu alikuwa akisema dada yake ana roho safi. Lakini marehemu alimwamini hata fundi wa paa, na paa unalisikia mwenyewe linavyodondosha.

Ijumaa, 15 Novemba

Ameliondoa sanduku lake mezani. Lile la biskuti la bati, lenye mamajusi wake. Sasa liko uvunguni mwa kitanda chake, limefungwa kamba, na kamba ina fundo, na fundo lina fundo.

Nikamuuliza, "Wifi, sanduku lako linaogopa nini?"

"Linaogopa macho."

"Macho ya nani?"

"Yenyewe yanajijua."

Umesikia? Mtu asiye na lake angejibu, "Nimelitoa vumbi lisiingie," tungekunywa chai yakaisha. Yeye ananipiga vijembe. Tunalala chumba kimoja, mwanangu, kitanda chake na changu vinatenganishwa na kigoda, na kuanzia leo nalala nimemgeukia. Kulala nimempa mtu mgongo siwezi tena.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua na goti. Leo sina la kusema. Ila majusi mmoja wa wifi nimemwona kwa mbali alipofungua sanduku, na nadhani naye hakuwa na kichwa. Au alikuwa kainama. Futa hilo. Usifute.

Jumamosi, 23 Novemba

Wewe ulikuwa zamu, kwa hiyo nitakueleza lote na usinikatize.

Asubuhi nilikuwa nimeutega unywele. Nilichomoa mmoja kichwani, mweupe, nikaulaza juu ya kifuniko cha kisanduku changu, nikaubandika utomvu kidogo huku na huku. Nikaenda kuoga. Nimerudi, unywele haupo. Ndani, malaika wawili vichwa vina matundu, mmoja ana matundu mawili kama pua, na ule unga umezidi.

Nikaenda nao sebuleni, nimewalaza kiganjani. Mume wako alikuwa anakunywa chai. Wifi anakula mkate wake taratibu, anavyoula kama anausoma.

Nikasema, "Mwanangu, shangazi yako anawachoma malaika wangu sindano."

Akatema chai. "Anafanya nini?"

"Anawachoma vichwa. Kisha anawanyunyizia dawa, sijui ya mbu, sijui ya nini. Tazama mwenyewe. Hawa si wangu, ni wa watoto wagonjwa, na mtu anaona kijicho kwa sababu nyuso natia mimi na nyuso ndizo watu wanazisifia."

Wifi akaweka mkate chini. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na lile bati lake. Nikasema moyoni, leo kakamatika. Akafungua mafundo yake moja moja, sisi wote tunangoja, chai inapoa. Akalimwaga bati mezani.

Mamajusi wake nao wana matundu. Mmoja kichwa kimebaki ganda tupu.

"Na hawa nani kawachoma?" akasema. "Nimenyamaza wiki nzima. Nikasema mke wa kaka yangu kazidiwa na goti, ana hasira, acha achezee vyangu, itamtoka. Nikalificha sanduku nisije nikamuaibisha. Kumbe ananitangulia kwa mwanangu!"

"Umewachoma mwenyewe," nikamwambia, "ili uonekane na wewe umeibiwa."

Nililisema, siwezi kulirudisha. Hata mume wako alisema, "Mama!" kwa sauti ya baba yake. Kisha akasema, "Nyinyi watu wazima, mnagombana kwa ajili ya maharage?"

"Si maharage," shangazi yake akamjibu. "Mimi ndiye niliyemfungulia mlango siku alipoletwa nyumba hii akiwa bibi harusi, analia, viatu vinambana. Nilimvua vile viatu kwa mikono hii. Leo akienda kuoga anatega unywele. Nimeuona! Nikaupuliza, nikasema huyu mtu kafika hapa."

Kumbe aliupuliza. Basi angalau hilo alikiri.

Halafu akasema polepole, bila kugomba, "Mpigie simu mtoto wa marehemu dada yangu. Kila siku ananiambia nikaishi kwake. Mwambie nimekubali."

Yule mwenye duka la vipuri, unamjua, anakaa ghorofani huko juu kabisa, mkewe anatafuta mtu wa kulea watoto bila kumlipa. Wifi alipokwenda kumtembelea mara ile alirudi siku hiyo hiyo, akasema kule juu alijiona kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Ndiko anakokwenda. Hana mtoto wa kumzaa, wifi. Ana mume wako tu, na chumba hiki nusu.

Mume wako alitoka nje kupiga simu. Mimi nikarudi chumbani na malaika wangu. Nikasema, mwenye hatia ndiye anayekimbia. Andika nilisema hivyo.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna anayesema na mtu. Redio inasema peke yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Mume wako, mpigaji simu wetu, amesema yule jamaa wa vipuri atakuja na gari wiki moja kabla ya Krismasi, sasa hivi liko gereji. Mtu anauza vipuri na gari lake bovu! Haya.

Mimi nimeamua kumkamata wifi kabla hajaondoka. Sitaki aende akasimulie huko juu kwamba alionewa. Nimetengeneza malaika mpya. Harage limechaguliwa, zima, linang'aa, nimelizungusha mbele ya dirisha pande zote, hamna hata mkwaruzo. Nimemtia kwenye chupa ile ya jemu, nikafunga kifuniko, nikazungushia utomvu mzito pande zote mpaka ukaganda. Hiyo chupa haifunguki bila kuacha alama. Nimeificha ndani ya mto wangu, katikati ya sufi. Mchana naukalia, usiku naulalia. Malaika huyu akitoka mzima humo ndani, na wale wa kisanduku wakaendelea kutobolewa, basi mwenye mkono atakuwa amejulikana.

Unacheka? Cheka tu. Wewe kazini kwenu si mnapima damu kwanza ndipo mnasema ugonjwa? Na mimi napima.

Jumanne, 3 Desemba

Wifi ameanza kufungasha. Kaweka gauni la bluu, kalitoa, kaweka la kijani. Nilikuwa namtazama kwenye kioo nikijifanya nachana nywele. Alichukua ile picha ya kaka yake, mume wangu, akaishika muda mrefu, nikasema sasa ndiyo anaiba kweli. Akairudisha ukutani. Akainyoosha isipinde.

Sijui alimaanisha nini kuinyoosha.

Jumapili, 8 Desemba

Funga mlango. Kaa hapa. Sogea.

Leo mlipotoka kwenda kanisani nilibaki, nilisema ni goti. Haikuwa goti. Nilitaka kuiona chupa. Nikaitoa kwenye mto, nikaipangusa, nikaiweka dirishani penye mwanga. Utomvu uko vile vile, umeganda kama kioo, hakuna alama ya kucha wala kisu. Nikafurahi. Kisha nikatazama ndani.

Malaika ana tundu.

Mwanangu, mwili wote ulinisisimka. Nikasema huyu mwanamke si mtu wa kawaida, anapita kwenye chupa! Karibu nikimbie nje nipige yowe, na goti hili hili. Lakini nikaona ule unga. Uko chini, kidogo, mweupe. Na ndani ya unga kitu kinatembea.

Kidogo. Cheusi. Kina pua.

Nikavaa miwani. Kikapanda kwenye bawa la malaika, kikasimama pale kama kinanitazama, kikashuka upande wa pili. Fukusi. Mdudu wa nafaka, yule yule anayekula maharage kwenye magunia. Na mbele ya macho yangu, lile harage likaanza kutikisika upande mwingine, ngozi ikachanika, ukatoka mguu. Mwingine huyo. Walikuwemo ndani tangu mwanzo! Nimewatia mwenyewe, nikawafungia mlango, nikawalalia.

Ndiyo maana tunayapitisha motoni. Si kwa ajili ya kung'aa, ni mayai yale yafe. Kila mwaka nafanya hivyo, hata sifikirii tena, mkono unajua wenyewe. Na rafu zetu unazijua, juu ya jiko: ya chini ni ya maharage mabichi, ya juu ni ya yaliyokwisha kupata moto. Mwaka huu nilipomaliza kuchambua nilifunga mfuko nikanyanyua mkono nikauweka. Wapi? Juu. Maana miaka yote mimi nikimaliza na maharage, yanakwenda juu. Wifi akaja na sufuria yake, akaukuta mfuko uko rafu ya juu, akasema, aha, mkaidi huyu kashayakaanga mwenyewe na goti lake. Akairudisha sufuria. Hakuniuliza kwa kuwa anajua nisivyopenda kuulizwa. Na mimi sikumuuliza kwa kuwa nilikwisha sema moto ni wako.

Basi hakuna aliyeyakaanga. Mkosaji ni mkono huu. Sikumshika mwizi, nimejishika mwenyewe kwa chupa ya jemu.

Unasemaje? Ndiyo, najua lazima nimwambie. Usinitazame hivyo kama nimekataa dawa. Nitamwambia. Na najua huwezi kupeleka wadudu wodini, lazima vyote vipite motoni, na vilivyotoboka vitupwe. Nimekusikia. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Sikumwambia, kulikuwa na mvua.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimejaribu. Shahidi wangu Mungu.

Nilimkuta jikoni anaosha kikombe chake, kile chenye ufa, anataka kuondoka nacho. Nikasema, "Wifi, nipe lile bati lako nilipashe moto."

Akaniangalia. "Nini?"

"Mamajusi wako. Niwapitishe motoni kidogo, watapona."

"Umeshawatoboa, sasa umebakiza kuwachoma?"

"Si hivyo, wifi, kuna wadudu."

"Wadudu wapo," akasema, "mmoja nalala naye chumba kimoja."

Nikafungua mdomo. Lilikuwa neno dogo tu: mfuko niliuweka juu mimi. Mtoto wa chekechea analisema. Lakini lilifika hapa, kooni, likaketi. Mimi ninayesema mchana kutwa, mume wako ananiita redio, leo neno moja likaketi! Badala yake nikasema, "Hicho kikombe ni cha nyumba." Akakiweka chini. Nikatoka.

Sasa nashuku jambo jingine, na hili liandike pole pole. Nashuku kwamba wiki zote hizi sikuwa nalinda malaika. Kama angekuwa mwizi kweli ningelala vizuri. Mtu akiwa mwizi, akiondoka, hakuachi peke yako.

Jumapili, 15 Desemba

Nimetengeneza kondoo wapya, wa koni na pamba tu, hamna mbegu. Nyuso nzuri. Nimejaribu kuwafunga uzi wa kuning'inizia. Wote wanatazama chini kama wanatapika. Uliposema, "Si vibaya, mama," nilikuona unauma mdomo.

Jumatano, 18 Desemba

Haraka, kaa, hata kwenye kigoda. Gari limefika. Umeisikia honi? Kampigia honi mama yake mdogo kama anaita kuli. Mume wako anabeba masanduku, uso kama mtu anabeba jeneza.

Sikumwambia mpaka leo. Usiku ulipita, asubuhi ikaja, akavaa lile gauni la kijani, akachomeka sindano zake ukosini, akatandika kitanda vizuri kama cha hotelini, kitanda ambacho hatakilalia tena. Akasema, "Kwaheri ya kuonana, wifi," akiwa anatazama ukuta. Akatoka kwenda kunawa. Na viatu vyake vilikuwa pale mlangoni, vimepangwa.

Inua mto wangu. Inua tu, usiogope, chupa nilishaitoa.

Ndiyo. Ni cha kushoto. Viatu vingine vyote vimeshafungwa ndani ya masanduku na masanduku yako chini ya masanduku. Hawezi kwenda peku, unamjua, wifi yangu hata kufa atataka avalishwe viatu. Sikupanga! Nilikiona, mkono ukakichukua. Mkono huu huu. Usicheke kwa sauti, atasikia.

Huyo. Nyamaza. Unamsikia?

"Wifi! Wifi weee! Kiatu changu kimoja kiko wapi?"

Sasa anamwuliza mume wako. Mume wako anasema labda mbwa. Mbwa gani, hatuna mbwa.

"Si mbwa! Namjua aliyekichukua! Wifi! Njoo hapa, mwizi mkubwa wewe!"

Umeandika? Kaniita mwizi mbele ya mgeni na dereva wake, na safari hii hakukosea hata herufi. Hapana, usikipeleke wewe, nipe mimi. Na chupa nipe, iko nyuma ya pazia, usiitikise, wamo wanne sasa. Nitaanza na kiatu. Hilo la kiatu naweza kulikiri, jepesi, nakishika mkononi na kila mtu anakiona. Likishatoka hilo, koo litakuwa limefunguka, na lile la mfuko litatoka nyuma yake lenyewe, kabla hajapata muda wa kuinama akafunga gidamu.

Hebu nishike mkono niinuke.

Nakuja, wifi! Nakuja, usipande gari!